Umaliziaji wa Kuta za Ndani katika Nyumba Mpya

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika Unyamwezi miezi ya ujenzi ni Julai, Agosti na Septemba. Mvua imekwisha, tumbaku imetoka mabanini na kupita mbele ya mteuzi, na malipo yakifika kwa wakati humkuta mkulima na tofali zake zimekwisha kauka. Yasipofika kwa wakati, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Katika Ng'ambo ya Tabora, kama ilivyo katika vijiji vya Uyui na Sikonge, kila mwaka huonekana nyumba mpya zikiezekwa mabati. Kila mwaka pia huonekana nyumba zilizoezekwa mwaka juzi, ambazo kuta zake za ndani zimeanza kubanduka kabla deni la mabati halijaisha.

Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini habari ya kuta iletwe mbele ya watu wa ushirika. Jibu limo katika leja ya mwanachama. Mkulima akisha kukatwa deni la mbolea na pembejeo nyingine, kinachobaki mkononi ndicho kinachojenga. Msingi, kuta na paa humaliza sehemu kubwa ya fedha hizo, na umaliziaji wa ndani huja mwishoni, wakati mfuko umekuwa mwepesi na mwenye nyumba amechoka, naye ana haraka ya kuhamia. Hapo ndipo makosa hufanyika, na hapo ndipo mwanachama hurudi kwa katibu kuomba mkopo wa pili kwa kazi aliyokwisha kuilipia mara ya kwanza.

Ifuatayo ni habari ya mwanachama mmoja. Alijenga nyumba ya vyumba vinne kwa tofali mbichi za udongo, yaani tofali zilizokaushwa juani bila kuchomwa. Hakuna aibu katika tofali mbichi. Zikiwa chini ya paa zuri na juu ya msingi wa mawe hudumu miaka mingi. Lakini mwanachama huyu alitaka nyumba yake ifanane na nyumba za tofali za saruji zilizo karibu na barabara. Fundi akamwambia kwamba saruji ikiwa nyingi ndipo ukuta unapokuwa imara. Basi lipu ikachanganywa kwa saruji moja na mchanga tatu, ikapigwa juu ya tofali mbichi ndani na nje. Baada ya wiki moja ukapakwa unga mweupe wa kusawazisha, ule ambao mafundi huuita puti, na juu yake rangi ya mafuta. Mwezi wa Oktoba nyumba iling'aa, na wageni walikuja kuitazama.

Mwezi wa Februari, katikati ya masika, rangi ilianza kufura kama ngozi iliyoungua. Mwenye nyumba alipogonga ukuta kwa vidole alisikia sauti ya ngoma. Mwaka wa pili lipu ilianguka vipande vizima, kila kipande kikiwa na vumbi la tofali nyuma yake, na nyingine iliangukia kitanda cha watoto, ambao kwa bahati walikuwa shuleni.

Fundi alilaumiwa, na duka lililouza saruji likalaumiwa pia. Lakini saruji ile haikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na nguvu mno kwa ukuta ule. Tofali mbichi hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi, na katika kufanya hivyo huvimba kidogo na kunywea kidogo. Lipu ngumu ya saruji haijui kuvimba wala kunywea pamoja nayo. Imesimama kama ganda, na ukuta unajongea nyuma yake, hata vikaachana. Tena unyevu unaopanda kutoka msingini, au unaopenya kutoka nje, hukuta umefungiwa njia na saruji upande mmoja na rangi ya mafuta upande wa pili. Hauna pa kwenda, hivyo hulainisha udongo palepale nyuma ya lipu. Ukuta wa udongo hauogopi unyevu unaokuja na kwenda. Unaouharibu ni unyevu uliofungiwa.

Hasara ya mwanachama huyu inaweza kupigiwa hesabu. Chumba chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa karibu mita za mraba 32, baada ya kutoa mlango na dirisha. Lipu ya unene wa milimita 15, ikichanganywa saruji moja kwa mchanga sita, hula kiasi cha mifuko 3 ya kilo 50. Ikichanganywa moja kwa tatu hula mifuko karibu 5. Kwa vyumba vinne, mwanachama alinunua mifuko 8 zaidi ya ile ambayo hata nyumba ya tofali za kuchoma ingehitaji, na mifuko hiyo ndiyo iliyomharibia ukuta.

Watu wa zamani wa Tabora walilielewa jambo hili bila kulisoma mahali. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, wakati mahali hapa pakiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wakikaa katika matembe ya udongo. Wafanyabiashara hao walitoka Unguja na pwani, ambako nyumba za wakubwa hujengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa inayochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Huku bara hakuna matumbawe. Kubeba chokaa kwa mabega ya wapagazi, kwa mwendo wa miezi mitatu na zaidi kutoka Bagamoyo, kungekuwa kichekesho. Basi wakajenga kwa udongo, na ukuta wa udongo wakausiriba kwa udongo. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley huko Ujiji, lina kuta nene za udongo za namna hiyo. Limefanyiwa matengenezo na leo ni nyumba ya makumbusho. Mwanachama aendaye Kwihara asitazame picha na barua tu. Atazame na ukuta pia.

Huko pwani kwenyewe somo limejitokeza kwa upande wa pili. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba nyingi za mawe na chokaa zilikuja kutengenezwa kwa lipu ya saruji. Chumvi na unyevu vilivyokuwa vikitoka polepole kupitia chokaa vikazibwa ndani, na kuta zilizosimama zaidi ya miaka mia zikaanza kumomonyoka nyuma ya lipu mpya. Ndiyo maana wahifadhi wa mji ule husisitiza chokaa. Mawe ya Unguja na udongo wa Unyamwezi ni vitu viwili mbali, lakini vyote viwili hudai nguo isiyo ngumu kuliko mwili unaoivaa.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwenye nyumba hana budi kujiuliza halihusu rangi ipi inapendeza. Ajiulize ukuta wake umejengwa kwa nini, na kama umekwisha kauka.

Ikiwa ukuta ni wa tofali mbichi au wa miti na udongo, usiribwe kwa udongo. Udongo wa kichuguu hupendwa na mafundi kwa sababu hushikana vizuri, lakini ukitumiwa peke yake hupasuka, nao hupunguzwa ukali kwa mchanga. Mkono wa kwanza huwa mzito, na mafundi wengi huuchanganya na makapi ya mpunga au majani yaliyokatwakatwa ili usipasuke. Karibu na sakafu majani yapunguzwe, kwani mchwa huyapenda. Mkono wa pili huchekechwa vizuri na kuchanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe, ambayo huufanya ukuta kuwa laini na kuzuia vumbi. Kipimo hakifanani mahali pote, maana udongo wa mbuga si udongo wa kilimani. Kilicho bora ni kujaribu: fundi apake viraka vitatu au vinne vya ukubwa wa sahani ukutani, kila kimoja kwa mchanganyiko wake, na avitazame baada ya wiki moja. Kilichopasuka kina udongo mwingi. Kinachotoa vumbi kikipanguswa kwa kiganja kina mchanga mwingi. Kilichobaki kizima ndicho cha kufuatwa. Jaribio hili halina gharama, na lingemwokoa mwanachama aliyetajwa hapo juu.

Juu ya udongo uliosiribwa vizuri yafaa kupaka chokaa. Watu wengi wameidharau chokaa kwa sababu huacha weupe kwenye nguo za anayeegemea ukuta. Mara nyingi aibu hiyo ni ya mpakaji. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na maji hata iwe nyepesi kama maziwa, ikachujwa kwa kitambaa, kisha ukuta ukaloweshwa kidogo ndipo ikapakwa. Mikono mitatu au minne myembamba, kila mmoja ukiachwa ukauke kabla ya mwingine. Anayepaka mkono mmoja mzito kama uji, juu ya ukuta mkavu, asishangae ikimwagika kama unga. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua, huangaza chumba chenye dirisha dogo, na kila kiangazi mwenye nyumba anaweza kuirudia mwenyewe kwa gharama ndogo. Ila asiguse chokaa kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali, kwani ikiingia jichoni huunguza. Ikiingia, jicho lioshwe kwa maji mengi safi papo hapo, na mtu apelekwe zahanati.

Hapa pana jambo la afya ambalo Unyamwezi haipaswi kulisahau. Papasi hukaa katika nyufa za kuta na katika vumbi la sakafu za udongo. Usiku hutoka, huuma mtu aliyelala, kisha hurudi ufani kabla ya alfajiri. Kuumwa kwake huweza kuleta homa ya papasi, ile homa inayomwacha mgonjwa siku kadhaa akidhani amepona, kisha ikamrudia. Robert Koch, daktari wa Kijerumani, aliichunguza homa hiyo katika nchi hii mwaka 1905, akawakuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi wa misafara. Njia za misafara ndizo zilizomfundisha, kwa kuwa papasi hasafiri mbali kwa miguu yake. Hungoja kibandani, na mtu ndiye humjia. Anaweza kungoja muda mrefu pasipo chakula, hata zaidi ya mwaka, hivyo nyumba iliyoachwa tupu haijasafika.

Kwa sababu hiyo, anayechagua ukuta wa udongo amechagua pia kazi ya kila mwaka. Nyufa zizibwe kila kiangazi, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu, na nyuma ya vitanda ambako hakuna anayetazama. Ukuta laini mweupe una faida nyingine: mchwa akianza kujenga njia yake ya udongo huonekana siku ileile. Na nyumba ikiwa katika eneo linalopuliziwa dawa ya ukoko dhidi ya mbu, bwana afya aulizwe kabla ya kupaka upya. Dawa hiyo hufanya kazi juu ya uso wa ukuta, na ukuta uliopakwa wiki moja baada ya kupuliziwa ni sawa na dawa iliyomwagwa.

Ukuta wa tofali za kuchoma au tofali za saruji ni habari nyingine. Huo waweza kubeba lipu ya saruji, lakini hata huko nguvu isizidi haja. Kwa tofali za saruji zilizo imara, saruji moja kwa mchanga tano au sita yatosha. Tofali za kuchoma za vijijini zina tabia yake. Zilizokuwa karibu na moto katika tanuru huwa ngumu kama jiwe, na zilizokuwa pembezoni huvunjika mkononi, nazo zote hujengwa katika ukuta mmoja. Kwa ukuta wa namna hiyo ni afadhali kuchanganya saruji moja, chokaa mbili na mchanga tisa. Lipu yake ni laini zaidi na haipasuki kirahisi. Mchanga uwe safi. Ule wa korongoni mara nyingi una udongo ndani yake. Ukisugwa kati ya viganja na kuacha doa la tope, uoshwe au uachwe. Ukuta uloweshwe kabla ya kupiga lipu, na lipu yenyewe inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua tano. Katika jua na upepo wa Agosti, lipu isiyonyweshwa hukauka kabla haijashika, ikawa mchanga mtupu ukutani.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Mkulima wa tumbaku hahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mageni. Analijua bani. Jani likitolewa bani kabla mshipa wake mkuu haujakauka, kwa nje huonekana zuri na la rangi ya dhahabu, lakini likishafungwa katika robota unyevu wa mshipa hutoka, robota likaota ukungu, na mteuzi akalikataa. Ukuta nao una mshipa wake. Uso hukauka siku ya tatu, lakini ndani unyevu hubaki kwa wiki nyingi. Lipu ya saruji ingojewe wiki nne walau kabla ya kupakwa rangi ya maji, na zaidi ya hapo kwa rangi ya mafuta. Tena si unyevu peke yake unaodhuru. Saruji na chokaa zikiwa mbichi zina ukali kama wa magadi, na ukali huo ukikutana na mafuta yaliyomo katika baadhi ya rangi huyageuza kuwa sabuni, kwa njia ileile ambayo sabuni hutengenezwa. Ndipo mtu huona rangi yake inanata, inateleza na kubadilika, akadhani ameuziwa rangi bandia.

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama ukuta umekauka. Hukatwa kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita, kikabandikwa ukutani kwa utepe pande zote nne pasiache tundu, na kikaachwa usiku na mchana. Kikifunuliwa na kukutwa na umande upande wa ukuta, ukuta haujakauka. Kipimo kifanywe karibu na sakafu na tena katikati ya ukuta. Umande ukiwa chini tu, huenda unyevu unapanda kutoka ardhini kwa kuwa msingi ulijengwa bila utando wa kuzuia maji, na hapo hakuna rangi itakayosaidia. Dalili yake nyingine ni ule unga mweupe wa chumvi unaotokea kwenye kuta za chini. Ukisuguliwa kwa brashi kavu huondoka, lakini hurudi, mpaka maji yanayosimama kando ya nyumba yachimbiwe mfereji na kuondolewa. Mara nyingi mfereji wa siku mbili hufaa kuliko ndoo mbili za rangi.

Vyumba havina haja moja. Chumba cha kulala na sebule vyatoshwa na chokaa au rangi ya maji, kwa rangi nyepesi inayorudisha mwanga. Kwenye barazani na ukumbini, watu huegemea na watoto hupitisha mikono. Hapo ule mtindo wa shule na ofisi za zamani, yaani mkanda wa rangi ya mafuta tangu sakafuni hadi kimo cha mita 1.2, una maana yake, kwa kuwa hufutika kwa kitambaa chenye maji. Jikoni moshi wa kuni hushinda rangi zote. Sehemu iliyo karibu na jiko ipigwe niru au iwekwe vigae, na kwingine ipakwe chokaa ambayo itarudiwa bila majuto. Bafuni niru yatosha, ikipigwa lipu ingali mbichi ili vishikane. Vigae ni vizuri lakini havina haraka. Ukuta wa niru waweza kuwekewa vigae mwaka wowote fedha ikipatikana. Vigae visiwekwe kamwe juu ya ukuta wa udongo, kwani uzito wake utavuta siriba yote chini.

Na ile puti inayopendwa siku hizi? Si mbaya mahali pakavu, juu ya lipu iliyokauka. Lakini aina nyingi hutengenezwa kwa jipsamu, ambayo hulainika ikipata maji. Tone moja la paa linalovuja litachora ramani ukutani. Mwenye nyumba aangalie mabati yake kwanza, misumari yote, masika moja nzima ipite, ndipo afikirie puti.

Katika kununua rangi, kopo lisomwe. Baadhi ya rangi za mafuta zimekuwa zikitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limekwisha eleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Sumu yake hudhuru ubongo. Rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi na yenye alama ya Shirika la Viwango ndiyo ya kununuliwa. Anayekwangua rangi ya mafuta ya zamani ailoweshe kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wahamishwe.

Sasa upande wa chama. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kati ya mita za mraba 8 na 10 kwa mkono mmoja. Chumba kile cha mita 32, kwa mikono miwili, hula lita 7 au 8, na ndoo ya lita 20 hutosha vyumba viwili na kubakiza. Katibu anayejua hesabu hii anaweza kumsaidia mwanachama asinunue makopo madogo madogo, ambayo kwa lita huwa ghali zaidi. Wanachama kumi wanaomaliza nyumba msimu mmoja wanaweza kuagiza chokaa na saruji kwa gari moja, na nauli ikagawanywa.

Lakini hapa yafaa kusema wazi, maana mambo ya namna hii yameharibu vyama vilivyokuwa vizuri. Ikiwa chama kitanunua kwa mkopo kwa niaba ya wanachama, deni hilo lazima liwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Halikubaliki kwa sababu tu kila mjumbe wa kamati anajenga. Mifuko ihesabiwe gari linapofika, hati ya mapokezi iandikwe siku hiyohiyo, na kila mwanachama atie sahihi alichochukua. Saruji iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wa ghala, na isilazwe pamoja na tumbaku, maana jani hunyonya vumbi na harufu. Na fedha za pembejeo zisiguswe. Imewahi kuonekana mbolea ikiuzwa ili kununua rangi. Msimu uliofuata nyumba ilikuwa ya buluu na shamba lilikuwa la manjano.

Mwanachama wa tofali mbichi alifika kwa katibu wake mwaka wa tatu akiomba mkopo wa kupiga lipu upya, nayo iwe ya saruji vilevile. Kamati haikumpa. Ilimpelekea mjumbe mmoja, mzee aliyejenga mabani maisha yake yote. Wakaondoa lipu iliyolegea tu katika chumba cha watoto. Ile iliyoshika imara waliiacha, kwani kuing'oa kwa nguvu kungevunja tofali. Wakachimba mfereji upande wa mlima, wakaacha ukuta wazi mwezi mzima wa Agosti, wakabandika nailoni, wakaikuta na umande, wakangoja tena. Mwishoni mwa Septemba walisiriba kwa udongo wa kichuguu na mchanga, na kabla ya mvua za Novemba wakapaka chokaa mikono minne. Chumba hicho kilipita masika mbili bila ufa mkubwa. Vyumba vingine vitatu bado vina rangi ya mafuta iliyofura, naye amepanga kukishughulikia kimoja kila kiangazi, kwa fedha yake mwenyewe baada ya makato.